Kabla ya Matokeo

Katika Kanisa Katoliki mwaka haungoji tarehe 31 Desemba. Unafungwa na wiki ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba, na Jumapili inayofuata Majilio yanafungua mwaka mwingine. Sikukuu hiyo ya Kristo Mfalme iliwekwa na Papa Pius wa XI mwaka 1925, na mageuzi ya 1969 ndiyo yaliyoisogeza hadi Jumapili ya mwisho ya liturujia. Kwa Tanzania mpango huo umekaa vizuri ajabu, kwa sababu mwaka wetu wa masomo nao huanza Januari na kwisha Desemba mwanzoni. Wanafunzi wa kidato cha nne wanapoweka kalamu chini mwezi Novemba, kanisani zinasomwa Injili za siku ya mwisho. Mwaka ule zinaposomwa za Mathayo, wanasikia jinsi watu watakavyoulizwa kuhusu mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Mara zote niisikiapo, nashangaa kwamba katika maswali yote yale hakuna linalohusu alama.

Nilikuwa na hilo kichwani nilipopanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Nilikwenda kumchukua binti wa mdogo wangu, aliyekuwa amefanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili katika shule ya bweni ya masista. Barua ya shule ilisema mzazi anayeweza afike siku moja kabla ya kufunga, ashiriki tafakari ya mwisho wa mwaka pamoja na jumuiya. Mama yake yuko kazini Dodoma na hakupata ruhusa. Nikaenda mimi, mama mkubwa.

Barabara ile anaijua kila aliyesoma upande huo: Tegeta, Boko, Bunju, halafu Mto Mpiji, na ukishauvuka umeuacha Mkoa wa Dar es Salaam na umeingia Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Vuli ilikuwa imenyesha, majani mabichi kote, na kando ya lami akina mama wamepanga maembe kwenye mabeseni na mananasi ya Kiwangwa mafungu mafungu. Ndani ya gari ulimtambua mzazi kwa alichoshika. Huyu ana kamba ya manila ya kufungia tranka, yule ana gunia tupu la kutilia godoro. Mazungumzo yalikuwa mtihani tu. Shule gani inafaulisha, shule gani imeshuka, mwalimu gani wa hesabu kahama. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, lakini orodha haijafutika vichwani mwetu. Tunaitunga wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp.

Baba mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alikuwa anamfuata binti yake shule ya jirani, naye wa kidato cha pili. "Nimemwambia," alisema, "ukifeli, usije nyumbani kwangu." Sikumwona mkatili. Alikuwa ananihesabia ada, nauli, sare na michango kwa sauti ya mtu aliyechoka, na nilijua kwamba kesho yake atalibeba lile tranka begani bila kulalamika. Lakini neno limetoka, na mtoto amelisikia. Amekwenda kulala nalo bwenini.

Nilifika mapema, nikaacha mkoba kwenye nyumba ya wageni, nikaenda misheni kwa miguu. Njia ya kutoka mjini inapita chini ya miembe mikubwa ya zamani, na msimu ule watoto walikuwa chini yake na vikapu, wakiokota yaliyoanguka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha shule, mashamba ya minazi na kijiji cha watu waliokombolewa, walichokiita kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Mgeni akifika huonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza, mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Huonyeshwa pia makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa vijana kabisa. Mimi nilikuwa nawatafuta wengine: wanafunzi.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni ile walikuwa watoto walionunuliwa kwa fedha katika soko la watumwa la Zanzibar, ambalo halikufungwa hadi 1873. Wengine walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wavulana walisoma, wakalima, wakajifunza useremala na uhunzi. Wasichana walilelewa na Mabinti wa Maria, masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa 1849, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake, na tangu mwanzo lilipokea wanawake waliowahi kuwa watumwa. Nilisimama pale uani nikifikiria msichana aliyeuzwa Unguja kwa bei iliyotamkwa hadharani, kisha akafundishwa kushona na kusali na masista wa shirika lililowakaribisha watu waliowahi kupigiwa bei kama yeye. Sijui shule nyingine ya pwani yetu iliyoanza hivyo.

Na mwaka ulipokwisha, shule yao haikufungwa. Hapakuwa na mtu wa kuja na kamba ya manila. Wapo waliokuwa wametekwa wadogo mno, na kwao ni safari ya miezi kutoka pwani, kwa njia iliyojaa watekaji wengine. Krismasi waliila hapohapo na Januari ikawakuta hapohapo. Miaka yenyewe haikuwa na huruma. Kipindupindu kiliipiga pwani 1869 na 1870, na Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilichong'oa mikarafuu ya Zanzibar kikabomoa pia majengo ya misheni. Wakajenga upya.

Sipendi kuisimulia habari hii kana kwamba yote yalikuwa mema. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu watumwa na mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba maisha ya kijiji kile yalibanwa na kengele, kazi na amri. Wako waliolalamika, na wako waliotoroka. Walipokua waliozwa, kisha wengine wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo Mhonda, Mandera na Morogoro. Mtu aliyekombolewa kwa fedha alibaki na deni ambalo hakuna aliyemweleza litakwisha lini. Nadhani shule yoyote ya Kikatoliki katika nchi hii inapoketi kutafakari mwaka wake, swali hilo linaihusu. Je, huyu tuliyemlea anaondoka akiwa huru, au anaondoka akiwa na deni la kutulipa?

Na Bagamoyo si ya Wakatoliki peke yao. Mjini, upande wa pili wa hadithi hiyohiyo, kuna Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Akasoma dini, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria na mwalimu wa watu wengi mpaka alipofariki 1931. Watoto waliotoka katika minyororo ileile wakaokotwa na madrasa na misheni katika mji mmoja. Sikushangaa basi kukuta jioni ile, katika ukumbi wa shule ya masista, mabinti kadhaa wa Kiislamu wakiwa wamekaa na wenzao, karatasi mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," sista mkuu alitupokea mlangoni. "Milele amina," tukaitika, kisha shikamoo zikafuata. Wazazi waliofika hawakuzidi safu mbili za viti. Meza za chakula zilikuwa zimesogezwa ukutani, na juu ya moja kulikuwa na shada la Majilio, mshumaa wa kwanza tu ukiwaka. Walimu walikaa katikati ya wanafunzi. Walikuwepo pia matroni, mlinzi, dereva na watu wa jikoni, wote kwenye viti, hakuna aliyesimama pembeni akingoja kutumwa.

Nilitegemea hotuba. Padre mlezi alizungumza kidogo tu. Aliwakumbusha kile wanachokifanya kila usiku kwenye sala za bwenini, kuchunguza dhamiri, zoezi ambalo Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliliwekea utaratibu katika karne ya 16: unamshukuru Mungu kwa siku, unaipitia saa kwa saa, unaona ulipopendwa na ulipokataa kupenda, unaomba msamaha, unaitazama kesho. "Leo mtafanya kwa mwaka mzima," alisema. Kisha akauliza maswali yake polepole, akinyamaza baada ya kila moja kwa muda mrefu kiasi kwamba tulisikia mawimbi. Nani alikubeba mwaka huu ulipokuwa huwezi kutembea? Nani umemwumiza na hujamwendea? Umejifunza nini ambacho hakitatokea kwenye mtihani wowote? Na la mwisho: nani katika nyumba hii hujawahi kumwona, ingawa anapita mbele yako kila siku? Kwa mabinti wa Kiislamu sista alisema wamwulize Mungu kwa namna walivyolelewa kwao, na hakuna aliyewatazama kwa namna ya kuwapima.

Karatasi hazikukusanywa. Hilo lilinigusa kuliko lolote. Mwanafunzi wetu amezoea kwamba chochote anachoandika kitachukuliwa, kitasahihishwa na kurudi na wino mwekundu. Hapa aliambiwa aandike, akunje, aweke mfukoni. Mwanzoni walitazamana. Wengine walianza kupiga mistari pembeni kwa rula, kama wanavyofanya kwenye mtihani. Baadaye vichwa vikainama, na kwa karibu nusu saa wasichana waliokuwa wakipiga kelele bombani alasiri ile hawakuinua macho.

Wazazi nasi tulipewa karatasi na swali letu: mtoto wako amekufundisha nini mwaka huu? Mama aliyekaa kulia kwangu alishika kalamu muda mrefu bila kuandika, halafu akaandika haraka haraka, mbele na nyuma. Mimi niliandika juu ya barua ambayo binti huyu alinitumia baada ya kifo cha jirani yetu, barua iliyojaa habari ndogondogo za marehemu ambazo sisi wakubwa hatukuwa tumeziona: jinsi alivyofunga mlango, jinsi alivyowaita kuku.

Kisha aliyetaka kusema alisema. Msichana wa kidato cha tatu alisimama akasema alikuwa ameacha kumsalimu mwenzake tangu Juni, kwa sababu mwenzake alimpita katika mtihani wa muhula, na kwamba alikuwa amejidanganya kuwa ana sababu nyingine. Hakutaja jina. Safu ya tatu nyuma yake mtu alianza kulia, na sote tukajua ni nani. Mwalimu wa kemia, kijana wa miaka michache kazini, aliwaomba radhi darasa zima la kidato cha pili kwa maneno aliyowaambia siku ya majaribio. Sijawahi katika maisha yangu ya shule kumsikia mwalimu akiwaomba radhi wanafunzi mbele ya wazazi. Hakupoteza heshima hata punje. Mabinti walimpigia makofi mpaka sista akawanyamazisha.

Halafu sista akamwita mpishi. Ni mzee wa hapohapo Bagamoyo, Mwislamu, kofia ya vito kichwani, na ilionekana amezoea kuitwa jioni hiyo kila mwaka kwa sababu alikuwa amejiandaa. Aliueleza mwaka kwa namna ya jikoni. Masika kuni zililowa, uji ukachelewa, watoto wakaenda darasani na njaa, na yeye hakulala vizuri wiki ile. Maharage yalipanda bei, wakala kunde. Pasaka palikuwa na pilau na likatosha, sifa ni za Mwenyezi Mungu. Akanyamaza, nikadhani amemaliza.

"Miaka yote hii nawapikia," akasema, "na mnanishukuru, sina neno. Lakini mwaka huu kuna binti alikuja jikoni akaniuliza: babu, wewe unakula saa ngapi? Nikashindwa kumjibu. Sikuwahi kuulizwa."

Ukumbi ulikaa kimya, kisha mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza, mdogo hata sare inamvaa yeye, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Babu, unakula saa ngapi?" Mzee akacheka, akasema ukweli: wakishaondoka wote, saa tisa hivi, kilichobaki kikiwepo. Sista mkuu alifungua daftari lake akaandika. Asubuhi niliambiwa na matroni kwamba kuanzia Januari sahani za jikoni zitapakuliwa kwanza, na kwamba agizo hilo limebandikwa tayari kwenye ubao wa jikoni, ingawa hakuna mwanafunzi atakayekuwepo kulisoma kwa wiki tano.

Nimeiweka habari ya mpishi hapa kwa urefu kwa sababu naona ndiyo elimu yenyewe. Mtoto aliyeuliza lile swali aliliona jambo ambalo watu wazima wote wa shule ile, wenye vyeti na nadhiri, walipita mbele yake kila siku. Pengine fizikia yake ni dhaifu. Januari matokeo yatatoka, kila mtahiniwa na daraja lake, na ukoo mzima utayasoma kwenye simu. Mahali pa kuandika kwamba huyu ndiye aliyemwona mpishi hapamo. Tafakari ile inafanyika Desemba, kabla Baraza halijasema neno, na nadhani wakati wenyewe ndio unaoipa nguvu. Ingefanywa baada ya matokeo ingekuwa sherehe kwa hawa na maombolezo kwa wale. Desemba wote bado wako sawa, na kila mmoja anaulizwa kama mtu mwenye dhamiri. Siupuuzi mtihani. Ninajua ada inalipwaje na ninajua cheti kinafungua mlango gani. Lakini katika mji ambao watoto walitajiwa bei, naona ni haki kwamba walau jioni moja kwa mwaka mtoto asitajiwe namba yoyote.

Misa ya asubuhi ilikuwa fupi, zambarau madhabahuni. Mwishoni waliimba Te Deum, utenzi wa shukrani ambao kwa desturi Kanisa huuimba jioni ya mwisho ya Desemba. Shule huutanguliza kwa kuwa siku hiyo watoto watakuwa wametawanyika kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Kisha kukawa na vurugu ya kawaida ya kufunga shule: ndoo, magodoro, majina yakiitwa, ripoti zikitolewa dirishani, watu wakikumbatiana na kulia kana kwamba hawataonana tena.

Binti yangu aliagana na watu wengi. Alikwenda jikoni. Alikwenda kwa mwalimu wa kemia. Alimtafuta msichana mmoja bweni la pili, wakasimama nyuma ya kamba za kuanikia nguo wakizungumza, mimi nikikaa juu ya tranka nikisubiri. Sikumwuliza alichoandika. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne.

Kituoni gari la Dar lilikuwa halijajaa. Tulinunua maembe. "Mama mkubwa," akasema, "naomba simu nimpigie mama." Nikampa. Nilimsikia mdogo wangu akipokea kwa furaha, na baada ya salamu swali lake la kwanza likaja, lile ambalo na mimi ningeuliza: fizikia ilikuwaje, umejaza yote?

"Mama, fizikia tutaiongea Januari," alisema, akijitenga kidogo na sisi. "Unakumbuka siku nilipoondoka, nilivyokujibu mlangoni? Nataka tuongee hilo kwanza."

Kondakta aliita abiria, gari likajaa, tukapanda. Waliongea mpaka Kerege, dakika zangu zikaisha, na mwanamke mmoja wa kiti cha mbele akampa simu yake wamalizie.